Sumaku ya Mchimbaji na Maji ya Mtamba

Kiangazi kile lambo la karibu na kwa mama mdogo, upande wa Bugarama, liligeuka kijani kama limemwagiwa rangi. Mbuzi wawili wa jirani walikunywa pale penye utando, wakafa. Mama mdogo alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mtamba mwenye mimba ya kwanza, na maji ya pampu ya kijiji ni ya watu, hayaruhusiwi kwa mifugo. Basi akawa anamchemshia maji ya lambo kwenye sufuria kubwa ya kupikia msibani.

"Mama, kuchemsha hakutoi sumu," nikamwambia. "Kunapasua mwani huo wa kijani tu, sumu inabaki majini."

"Haya, wewe uliyesoma, itoe."

Nilikuwa na kopo la unga mweusi niliotengeneza chuoni: mkaa wa pumba za mpunga uliopakwa chembe za chuma ndogo mno, ambazo hata hadubini ya kawaida haizioni. Sumu hunata kwenye unga, kisha unga unavutwa kwa sumaku. Chuoni ulifanya kazi, lakini chuoni hakukuwa na mtamba wa mama mdogo. Je, unga ukibaki kidogo? Je, ndoo ikiwa na sabuni? Niliwaza yote hayo njia nzima wakati nakuja, na sumaku nikaisahau chumbani kwangu mjini, Ngokolo.

Yule jirani aliyefiwa na mbuzi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Akaniazima sumaku yake, iliyong'olewa kwenye spika ya redio. Wachimbaji huitumia kuvuta mchanga mweusi ili dhahabu ibaki peke yake kwenye karai. Alisimama akinitazama nikikoroga unga mweusi kwenye maji ya lambo na kuuvuta kwa sumaku. Akaitazama sumaku, akalitazama lambo. Akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

Nikiwa bado nasubiri karatasi ya kupimia sumu ioneshe jibu, lambo lilishajaa watu na makarai.

"Umewaambia nini?" mama mdogo akauliza.

"Sijasema neno."

"Ndiyo maana."

Nikakimbia hadi lamboni. "Shikamoo mjomba. Humo hamna dhahabu, mimi natoa sumu."

"Marahaba, msomi," jirani akajibu bila kuinua kichwa. "Kila aliyepata husema hivyo."

Wakaendelea kuosha tope, maji yakiwafika magotini, hadi mmoja alipoanza kujikuna. Kisha wa pili. Muda si mrefu wote walikuwa uani kwetu, wanakwaruza miguu na kuzitazama ndoo zangu za maji meupe.

"Tupeni hayo tunawe," jirani akasema.

Mama mdogo akasimama mbele ya ndoo. "Haya ni ya mtamba. Ninyi nendeni pampu, mnaruhusiwa."

Wakacheka huku wakijikuna. Mimi nilikuwa naigeuza karatasi juani, kisha kivulini. Mstari ukitokea, sumu imeondoka.

"Mstari upo au haupo?"

"Upo, mama, ila labda..."

"Upo?"

"Upo."

Akasogeza ndoo. Mtamba alinusa, akanywa hadi ndoo ikapinduka.

Asubuhi alikuwa anatafuna pumba kama kawaida. Asiyekula nilikuwa mimi. Jirani akaja. Nikadhani amefuata sumaku yake, nikamnyooshea.

"Kaa nayo," akasema, akaweka ndoo ya maji ya kijani miguuni pangu. Nyuma yake alisimama mbuzi wake aliyebaki.