Evaristo Hajaitwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Obdulia Tlapale ananyunyizia maji shati jeupe la gwaride na kulikandamiza kwa pasi. Chumba kinanuka wanga na kahawa ya mdalasini. Kesho ni siku ya kuwakumbuka polisi wa jimbo waliofia kazini, na hapa San Tadeo hakuna askari anayethubutu kusimama gwarideni na shati lenye mikunjo.

Mlangoni anatokea konstebo Nazario Olvera, kitambi mbele.

"Shikamoo, Mama Obdulia. Shati langu tayari?"

"Marahaba. Tayari." Halafu, kwa sauti ya mkuu wa gwaride: "Evaristo Cuamatzi!"

Nazario anaangalia viatu vyake. "Mama, jamani, mimi nimefuata shati tu."

"Na mimi nimeita tu. Evaristo Cuamatzi!"

"Yupo," ananong'ona.

"Una njaa? Kwa sauti hiyo shati halitoki."

"Yupo!"

Mbwa wa jirani wanabweka. Obdulia anacheka, anamkabidhi shati, na kumwongezea chapati ya mahindi yenye maharage. Kila askari anayekuja wiki hii anakutana na mtihani huohuo. Wawili wamekataa, wakaondoka na mashati yaliyopigwa pasi upande mmoja.

Evaristo alikuwa mwanawe. Miaka mitano iliyopita alilinda kizuizi cha barabara iendayo milimani. Zamu yake iliisha jioni, lakini wa kumpokea hakutokea, na sheria ya kikosi haina mzaha: huondoki kizuizini mpaka ukabidhi. Akabaki. Giza lilipoingia likaja lori la mafuta ya wizi, akalisimamisha, na waliokuwamo wakampiga risasi.

Baada ya mazishi, ofisi ya kikosi ikatoa uamuzi ambao mtu mwenye aibu asingeutamka. Zamu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Evaristo hakufia kazini.

"Eti alikuwa raia wa kawaida!" anasema Obdulia, na pasi inatua mezani kwa kishindo. "Raia gani anasimama barabarani na bunduki ya serikali, kavaa sare niliyoinyoosha mimi kwa mikono hii?"

Msemaji wa kikosi alipoulizwa, alisema utaratibu ni utaratibu. Je, Evaristo angeruhusiwa kwenda nyumbani zamu ilipoisha? "Hapana kabisa," akajibu bila kupepesa macho. "Huko kungekuwa kutoroka kazini." Haikumshtua hata kidogo kwamba ametoa majibu mawili yanayopingana.

Siku ya kumbukumbu, mkuu wa gwaride huita majina ya marehemu, na kwa kila jina kikosi kizima huitikia, "Yupo!" Watu wazima hulia hapo. Asiyeitwa, picha yake haitundikwi kambini, na askari wapya hawatamjua.

Nyumbani, siku ya wafu ikifika, Obdulia humwekea mwanawe maua ya rangi ya chungwa, mshumaa na supu ya kuku yenye pilipili aliyoipenda. "Hapa kwangu anakuja kila mwaka," anasema. "Kule kambini ndiko wanakomfungia mlango."

Mwaka jana uvumilivu ulimwisha. Jina la mwisho lilipoitwa, kabla tarumbeta haijalia, alisimama katikati ya wajane na akina mama, akaita, "Evaristo Cuamatzi!" Kofia nyeupe za askari hazikutikisika. Kisha kutoka safu ya nyuma ikasikika sauti moja: "Yupo!"

Alikuwa Heliodoro Pineda, askari aliyetakiwa kumpokea Evaristo jioni ile, ambaye pikipiki yake ilikata mnyororo njiani. Kwa miaka yote Obdulia alikuwa amekataa kugusa nguo zake. "Nilimchukia, sifichi," anasema. "Kumbe katika kikosi kizima, mwenye moyo ni yeye peke yake."

Wiki haikuisha, Heliodoro akahamishiwa kituo cha mbali milimani na kupigwa marufuku kusimama gwarideni. Kosa lake, kuvuruga sherehe. Aliyemnyima marehemu heshima yake bado ana kiti chake na kiyoyozi.

Obdulia anataka mwanawe aitwe na mkuu wa gwaride, si na mama yake. Mpaka hilo litokee, ataita yeye. Kesho anatumaini sauti zitakuwa nyingi. Mashati ya karibu kikosi chote yamepita mikononi mwake.

Limebaki moja mezani. Lilishuka na basi la milimani jana, limefungwa kwenye gazeti. Ni la Heliodoro.

"Nilimpigia simu," anasema Obdulia, akinyoosha kola polepole. "Nikamwambia, wewe mtoto, gwarideni huruhusiwi, shati la nini? Akanijibu, 'Nitalivaa hukuhuku kizuizini, Mama. Saa ile utakayoita, nitasimama wima nijibu.'"

Anafuta macho kwa kiganja, anaigeuza kola upande wa pili.

"Basi kesho itabidi niite kwa nguvu. Kule ni mbali."