Kinu cha Mama Nyuma ya Kamba

Tarehe 9 Juni 1995 nilimpoteza mama. Siku ya mazishi nikapoteza na kinu chake.

Kilichukuliwa na mtani wa ukoo wetu, mzee wa ng'ambo ya mto, mbele ya Lupiro. Kwetu mtani akija msibani hufanya atakavyo, na akichukua kitu hadaiwi; lazima ukikomboe. Alijifunga kanga za mama, akatembea kama yeye, mkono kiunoni, mpaka wafiwa wakacheka. Mimi sikucheka wala sikulia. Akafunga kinu kwenye baiskeli, akaondoka.

Septemba nikasikia kijiji cha zamani cha misheni kule kwao kina sherehe ya mambo ya kale. Nikatoka Ifakara, nikavuka kwa kivuko, jogoo kwapani.

Majengo yalipendeza: kanisa la matofali mekundu, chumba cha darasa cha kwanza kujengwa, ghala la mpunga, yote yamekarabatiwa. Kanisani sikukaa, maana jogoo aliwika. Katika nyumba ya katekista wa kwanza nikakuta kinu cha mama kimezungushiwa kamba, na kibao: "Kinu cha kale. Usiguse."

Cha kale! Mwezi wa tano tu mama alikuwa akitwangia humo.

Mlangoni alikaa mtani, ndiye mlinzi.

"Shikamoo."

"Marahaba, ingawa umekuja kuiba."

"Nimekuja kukomboa. Jogoo huyu hapa."

Akampapasa kifua. "Huyu ana homa. Unamkomboa mama yako kwa mifupa hii?"

"Sina mwingine."

"Basi jogoo namchukua, na bado hatoshi. Msibani ulikaa kama gogo. Twanga kama alivyotwanga yeye, nione kama kweli ni mwanawe."

Wageni walikuwa wameanza kujaa. Niliona aibu, lakini bila kinu nisingeondoka. Nikaruka kamba. Akanimiminia mpunga, nikashika mchi. Mama alikuwa na tabia ya kuugombeza mpunga, nami nikaugombeza kwa sauti yake:

"Vua nguo! Unamwonea nani aibu? Vua, watoto wana njaa!"

Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Nami nikacheka, na katikati ya kicheko machozi yakatoka, nikaendelea kutwanga hivyo hivyo. Mtani akavua kofia, akageukia ukuta.

Mama mmoja wa kamati ya sherehe akanijia. "Dada, umefanya vizuri. Saa nane utarudia?"

"Hatarudia," mtani akasema. "Na kinu kinakwenda kwao."

"Na kibao tuweke wapi?"

"Mvalisheni jogoo."

Alikisukuma kinu kwa baiskeli mpaka kivukoni, akinitukana njia nzima. Kwenye kivuko mwanamke mmoja akakigonga kwa vidole, akaniuliza kama nakiuza. Nikatikisa kichwa. Nikakipindua, nikakikalia mpaka ng'ambo.