Mlio wa Msumeno Chini ya Shamba

Baba alikuwa fundi wa mbao. Kazi hiyo alijifunza Londiani, kwenye misitu ya huko, kisha akarudi kwetu upande wa Kericho na kujijengea kibanda chini kabisa ya shamba, pale chai inapoishia na msitu unapoanzia. Hakutaka vumbi la mbao liangukie majani. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kuchuma, mama alimteremshia chupa ya chai.

Alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba. Kibanda kiliporomoka kwa mvua. Msumeno tuliutundika jikoni.

Mwaka uliofuata mama alianza kusema kwamba anausikia tena. Haikuwa kila siku, ila asubuhi za ukungu, jua likiwa bado halijatoka. Kuvuta, kusukuma, kuvuta, kusukuma, halafu kimya kidogo, kama mtu anayefuta jasho. Basi alijaza chupa, akateremka. Alipokaribia kisiki kilichobaki mbele ya kibanda, mlio ulikatika, na kwake hilo lilikuwa na maana moja tu: mzee ameweka msumeno chini ili apokee chai. Alimimina kikombe, akakiacha juu ya kisiki, akaketi kidogo, kisha akapanda kwenda kuchuma.

Sisi watoto wake tulizipata habari hizi kwa majirani. Kwenye kituo cha kupimia chai wanawake walikuwa wakimuuliza kwa utani kama mzee ameshamaliza mbao za kanisa. Ndugu zangu wakakubaliana kwamba akili zinamtoka na ni heri akae mjini, kwa kaka yetu mkubwa. Mimi ndiye niliyetumwa kumshawishi. Nilimwonyesha msumeno pale ukutani, umeshika kutu. Akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Huko alikoenda," akasema, "unafikiri watamkosesha msumeno?"

Hakutaka kuhama. Alisema hawezi kumwacha mtu afanye kazi peke yake kwenye baridi ile.

Wanawake wa kanisa walipopanga safari ya kwenda Mara kuona wanyama, nilimwandikisha na kwenda naye. Nia yangu ilikuwa ndogo: azoee kulala mbali na nyumba ile, hata kama ni kwa siku mbili.

Tulitoka kambini alfajiri, paa la gari likiwa limeinuliwa na nyasi bado zina umande. Nyuma yetu aliketi jirani yetu mmoja, mama mcheshi, ambaye aliwasalimu swala wote kama waumini waliochelewa ibada. Dereva alisimama kando ya korongo lenye vichaka, akazima injini, akatuomba tunyamaze, maana ndege walikuwa wakipiga kelele za hofu upande ule.

Mlio ukatoka ndani ya korongo. Mama alinishika mkono kwa nguvu.

"Nani anapasua mbao huku?" akamuuliza dereva.

Dereva alitabasamu bila kugeuka. "Hakuna mbao hapa, mama. Huyo ni chui anaita."

Akatueleza kwa sauti ya chini kwamba dume linapozunguka mipaka yake huita hivyo, kuwaambia wenzake wakae mbali. Alikuwa bado anaeleza chui alipotokea. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, shingo nene, kichwa amekiinamisha karibu na ardhi, mdomo nusu wazi. Mbavu zake zilijaa na kubonyea kwa kila mlio.

"Ndugu yake huyu ndiye aliyemaliza mbwa wa shemeji yangu kule kwetu," yule jirani akanong'ona, "na leo tumevaa nguo za kanisa kuja kumsalimia."

Wenzake walicheka ndani ya leso zao. Simu zikainuliwa. Mimi nilikuwa nikimtazama mama. Hakumtazama chui usoni. Macho yake yalikuwa kwenye zile mbavu, na kichwa chake kilifuata mlio, mbele na nyuma, kidogo sana.

Kisha mlio ukakatika. Chui alisimama na kutugeuzia uso.

"Akinyamaza," mama akauliza, "ndio ametuona?"

"Akinyamaza, mama, amekuona kitambo."

Jirani yetu aliacha kucheka. Nadhani naye alikuwa amefika pale nilipofika mimi. Nilikiona kile kisiki, na mama ameketi juu yake asubuhi zote zile, ameupa msitu mgongo, mvuke wa chai ukipanda kwenye ukungu.

Chui alivuka njia mbele ya gari, akaingia kwenye nyasi ndefu, hatukumwona tena. Dereva alitupeleka kwa simba na tembo. Mama alitazama kila alichoonyeshwa na kushukuru. Siku ya kurudi tulikuwa tumeipita Bomet, na chai imeanza kuonekana tena vilimani, aliponigeukia.

"Ungeniacha tu nyumbani," akasema. Sikusikia hasira ndani yake.

Nilimweleza kaka yangu, akawaita maafisa wa wanyamapori. Waliona nyayo za chui kwenye tope la kijito cha chini ya shamba na kuahidi kuleta mtego. Kaka alifurahi kwamba mama hana wazimu, akampigia simu kila aliyekuwa amemwambia. Akaanza tena maneno ya kuhamia mjini, sasa kwa sababu ya chui, akajiandaa kubishana. Mama alikubali kabla hajamaliza kueleza. Alisema hakuna aliyebaki huko chini wa kukaa naye.

Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Asubuhi ya kuondoka ukungu ulishuka hadi mlangoni, na mimi, ambaye sikuwahi kuusikia pale kwetu, nikausikia mlio.

Mama alikuwa akikunja blanketi. Hakuinua kichwa.

"Funga mlango," akasema. "Ni mnyama."

Nilifunga. Mlio uliendelea kwa muda mrefu, kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyeteremka.