Mechi ya Barafuni Niliyomtangazia Bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mume mmoja tu aliyebaki duniani, na mume huyo nilikuwa mimi. Kwetu Wagogo bibi na mjukuu wa kiume wana utani wao. Yeye hukuita mume wangu, wewe humwita mke wangu, mnagombana mbele za watu kuhusu khanga ambazo hujamnunulia, na watu hucheka. Babu alipofariki nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, na Bibi alinishika mkono akaniketisha kwenye kigoda chake kule kijijini Kibakwe, akasema nyumba haiwezi kukaa bila mwanamume. Waliokuwepo walicheka. Mimi sikucheka. Niliipokea kazi ile kwa moyo wote, na nimeifanya mpaka nimeota mvi.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu nilikwenda kumchukua, nikamleta kwangu mjini, Area D. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwamba upasuaji wake ni mwepesi. Bibi akakataa. Nilimbembeleza asubuhi, nikambembeleza jioni, nikamletea mama mmoja wa kanisani aliyekwisha kupasuliwa aje amtolee ushuhuda. Jibu lake lilikuwa lile lile: dunia ameshaiona, haina jipya. Basi nikawa macho yake. Nilimwambia nani amepita barabarani, mzabibu wetu umezaa ama umegoma, mawingu yametoka upande gani. Mke wangu, ambaye Bibi humwita mke mwenzangu, alikuwa akipika kuku anajua bila kuulizwa kwamba firigisi ni yangu. Firigisi ni ya mwanamume wa nyumba, na Bibi ndiye aliyekuwa akinikabidhi kwa mkono wake, akipapasa mpaka aifikie sahani yangu.

Sasa huyu mtoto wa mjomba. Mjomba wangu alikwenda Ufini kusomea misitu, akaoa huko, akazaa huko, na kwa miaka mingi kijana wake tulimjua kwa picha tu, amevaa koti nene mpaka hujui kama ana shingo. Alipofika miaka kumi na saba zikaanza kuja habari kwamba anacheza mpira wa magongo wa barafuni. Si hoki ya majani kama ile niliyoiona sekondari. Huko wachezaji wanavaa viatu vyenye visu chini yake, wanateleza juu ya barafu, na badala ya mpira wanakimbiza kisahani kigumu cheusi kwa magongo marefu. Mjomba akapiga simu kusema timu ya kijana imeingia mashindano ya kimataifa ya vijana, nchi kadhaa zinakutana, na mechi zitaonyeshwa mtandaoni. Kisha akampa kijana simu.

"Mbukwa, Bibi," kijana akasema.

Hiyo ndiyo salamu yetu ya Kigogo. Baba yake alikuwa amemfundisha. Bibi alipiga kigelegele ambacho sikuwa nimekisikia tangu harusi yangu, akaangusha fimbo yake, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mimi nimesema mbukwa maisha yangu yote. Nimeisema nikiwa na homa, nimeisema nimebeba ndoo mbili za maji, na hakuna aliyewahi kunipigia hata kofi moja.

"Umekula, Bibi?" kijana akaendelea, kwa Kiswahili cha kusuasua. Angekuwa na jeuri ningepumua. Alikuwa na adabu mpaka ikawa kero.

"Nimekula, mume wangu," Bibi akajibu. "Mume wangu mpya!"

Kuanzia siku hiyo mimi nikawa "mume wangu wa zamani". Jina hilo Bibi alilisema kwa utani, na kila mtu nyumbani alilipenda. Mke wangu alilipenda kuliko wote. "Wa zamani, chai tayari," ananiita. Kazini kwangu, ofisi ya udahili chuoni kule Chimwaga, nilikuwa napokea wanafunzi wenye umri wa yule kijana, na nakiri niliwajibu kwa mkato bila kosa lolote la kwao. Roho iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu ni jambo usiloweza kumweleza mtu mzima mwenzako. Utaanzaje? Utasema bibi yako ameolewa?

Mechi ilikuwa Jumamosi mchana. Bibi aliagiza kuku achinjwe tangu asubuhi. Nilinunua bando, nikaunganisha simu na televisheni, nikamvutia kiti karibu ingawa karibu na mbali kwake ilikuwa sawa. Mke wangu akaleta ugali na kuku. Bibi akapapasa sahani kubwa, akaipata firigisi, akainyanyua kama kawaida yake. Nikasogeza sahani yangu.

"Hii itiwe chumvi, ikaushwe," akasema. "Ni ya mume wangu. Akija aikute."

"Bibi, huyo haji leo wala kesho."

"Ndiyo maana nimesema ikaushwe."

Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili, akakwepa kunitazama. Nilikula paja. Paja ni nyama nzuri, watu wanagombania paja, lakini siku ile nililitafuna kama mtu anayekula kwa amri ya daktari.

Na kumbe hayo yalikuwa mwanzo tu, kwani mechi ilipoanza Bibi alinigeukia akasema, "Haya, nieleze." Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimepanga kukaa kwenye kochi na kununa kwa utulivu. Sasa kazi yangu ya kuwa macho yake ilinitaka nimtangazie, kwa mdomo wangu mwenyewe, sifa za mtu aliyeninyang'anya nafasi.

"Wametoka," nikasema. "Wanateleza."

"Juu ya nini?"

"Juu ya barafu."

"Ile ya kwenye friji?"

"Ile ile, ila ni uwanja mzima."

Kule Kibakwe aliwahi kuona mvua ya mawe ikiangusha mahindi yote ya bondeni, na nilijua ndiyo aliyokuwa akiiona. "Wanamchezesha mume wangu juu ya mvua ya mawe," akasema, kwa hofu na fahari. "Yuko wapi?"

Hilo lilikuwa swali gumu hata kwa mwenye macho. Wote walivaa kofia ngumu na mavazi yaliyojazwa mabegani, golikipa wao mnene kama gunia la mtama. Nilimjua kwa namba mgongoni tu. Nikamwambia ameingia. Baada ya muda mfupi sana nikamwona anaruka ukingo na kwenda kukaa benchi.

"Ametolewa," nikasema. Sitaficha kwamba nilisema kwa sauti nzuri.

Nyumba ikapoa. Sisi tunajua mpira wa miguu: ukitolewa umetolewa, unavaa jaketi unangoja wenzako. Bibi akashika kifua. "Amekosa nini? Hajakaa hata muda wa kumenya karanga!" Mke wangu akasema pole, Bibi, ndiyo michezo. Jirani yetu, mama mmoja wa Kirangi kutoka Kondoa aliyekuwa amekuja kuchota maji kwenye tangi letu, akaingia akasikia, akakaa naye chini kumliwaza. Mimi nilikuwa nimejaa amani. Nilimwonea kijana huruma kabisa, ile huruma tamu unayompa mtu akishashindwa. Hata nikaanza kumtetea: bado mdogo, atajifunza, baridi nayo si mchezo.

Kabla sijamaliza kumtetea, akaruka ukingo akarudi uwanjani.

"Amerudi," nikasema.

"Kumbe!" Bibi akapiga paja lake. "Wameona hawawezi bila yeye!"

Akatoka tena, akarudi tena, na wenzake vilevile, mpaka hata mimi nikaelewa kwamba ndivyo wanavyocheza, wanapokezana kwa sababu ya kuchoka. Nilimweleza Bibi hivyo. Hakutaka kusikia. Kwake yeye mjukuu alikuwa akiitwa na kuitwa tena, kama mganga mwenye wagonjwa wengi.

Kipindi cha kwanza nilitangaza kwa unyonge. "Amepata. Amepoteza. Amepata." Bibi akanivumilia, mwisho akasema, "Wa zamani, mbona unasoma kama tangazo la msiba redioni? Kama umechoka, mwite mke mwenzangu anieleze." Hapo ndipo aliponichoma. Kunyang'anywa umume ni jambo moja. Kunyang'anywa na macho pia sikukubali. Mapumziko yakaja, likatoka gari likaanza kumwaga maji juu ya barafu ili iwe laini, nami nikaona upenyo.

"Bibi, wanamwaga maji chini. Maji safi. Uwanja wote."

"Yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote. Na mjukuu wako anaangalia tu."

Sisi ambao siku za mgao tunaogea kikombe tuliguna wote wanne. Nilidhani nimemaliza mambo. Bibi akafikiri, kisha akasema, "Nchi yenye maji mpaka ya kukanyaga. Mume wangu amepata mahali pazuri."

Kipindi cha pili nikatangaza kwa hasira, na hasira ikageuka kitu kingine bila ruhusa yangu. Walikuwa nyuma kwa bao moja. Nikasimama. Nikaanza kumweleza gongo linavyogonga, visu vinavyokwaruza barafu mpaka inaruka kama unga kinuni, jitu la timu pinzani linavyombana kijana ukutani naye anavyochomoka chini ya kwapa lake. Bibi alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, kichwa kimeinama upande wangu, midomo inachezacheza. Kijana akapata kisahani katikati, akamwacha mmoja, akamwacha wa pili, "anaruka, Bibi, anaruka kama swala wa mbugani, wanamshika hashikiki," akakichapa, na mimi nikasikia mtu anapiga kelele bao, bao, bao, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepanda juu ya kochi. Mama wa Kondoa alikuwa amenikumbatia mguu.

Kipindi cha tatu waliibuka na ushindi kwa bao la mchezaji mwenzake. Nilikaa chini nikiwa sina sauti, na wivu ukanirudia pale pale nilipouacha, tena umepumzika, una nguvu mpya. Kwani Bibi alikuwa amenigeukia, uso umeng'aa.

"Nipeleke hospitali," akasema. "Wanitoe huyo mtoto wa jicho. Nataka kumwona."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mzabibu. Mwaka mzima nilimlilia. Nilitaka aone nyumba niliyomjengea chumba, awaone wanangu walivyorefuka, anione mimi. Dunia haikuwa na jipya. Sasa kijana mmoja ameteleza kwenye barafu alasiri moja, na dunia ina jipya. Nilijisemea kwamba si haki, nikalisema kwa sauti, na kuku waliobaki wakanikimbia.

Nilimpeleka. Mtu hawezi kumwacha bibi yake gizani kwa kijicho. Walianza na jicho la kulia, wakalifunika, na kesho yake muuguzi akabandua kitambaa mbele yetu. Bibi alipepesa, machozi yakamtoka, akanitazama muda mrefu kwa jicho lile moja jipya.

"Huyu mzee ni nani?" akauliza.

Mke wangu alicheka mpaka muuguzi akamwomba atoke.

Nyumbani hakutaka chai wala kulala. Alizunguka akishika vitu, akawapima wanangu kimo kwa fimbo yake, akaukemea mzabibu kwa kutopogolewa. Kisha akakaa mbele ya televisheni, akasema niiweke ile mechi. Ilikuwa bado ipo mtandaoni. Niliiweka, nikakaa pembeni, nikafunga mdomo. Sasa ana jicho lake. Hanihitaji.

Aliangalia. Akasogeza kiti. Akaegemea mbele.

"Ni yupi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Huyo mdogo hivyo?"

"Wako mbali na kamera, Bibi."

Akaendelea kukodoa. Wachezaji walikuwa wakipita huku na huku, kisahani hakionekani kabisa ukikifuata, na mtangazaji alikuwa akisema Kifini kwa sauti ya mtu anayesoma bei za nafaka. Lilikuja bao. Lilipita kwa kasi kiasi kwamba Bibi alikuwa bado anatazama upande wa pili.

"Tayari?"

"Tayari."

"Mbona hakuruka? Ulisema aliruka kama swala."

"Niliongeza chumvi kidogo."

Alinitazama, akatazama televisheni, akanitazama tena. "Zima," akasema.

Nikazima. Akajiegemeza nyuma, akavuta khanga mpaka mabegani, akafumba lile jicho ambalo nilikuwa nimelihangaikia mwaka mzima.

"Nieleze."

Nilianzia mbali makusudi. Nilianza na uwanja, nikaja kwenye taa, nikaeleza magongo yalivyokaa, nikamweleza golikipa mnene kutoka kichwani hadi miguuni. Nilimpeleka kijana benchi nikamkalisha huko kwa muda mrefu kuliko alivyokaa.

"Bao," Bibi akasema. "Usinizungushe. Nataka bao, mume wangu."

Nikasubiri aongeze "wa zamani". Hakuongeza. Alikuwa amefumba macho tu, ananingoja. Basi nikamtoa mtoto wa mjomba kwenye benchi, nikamvusha mmoja, nikamvusha wa pili, nikamrusha juu sana, juu kuliko swala yeyote, na roho ikiwa inaniuma vilevile nikampa bao lake.