Vilima Vyenye Majina ya Ng'ombe

Wakifungua robota la ngozi hapa kwenye karakana yetu ya mikanda, mtaa wa Doornfontein, Johannesburg, harufu yake hunirudisha kwenye milima ya malisho ya kwetu. Kule ungetembea tangu alfajiri mpaka jua la utosini bila kuona nyumba, ila nyasi, ukungu na ng'ombe.

Siku moja tulikuwa tunahamisha kundi, miguu yangu imelowa umande, na baba akawa ananitajia kila kilima tulichopita. Kila kimoja kilikuwa na jina la ng'ombe aliyefia pale: huyu alipigwa na radi, yule alikufa akizaa, yule aliondoka na ukame.

"Baba, mbona hakuna chenye jina la mtu?"

"Watu huhama, mwanangu. Ng'ombe akifa, amebaki."

Akaniamuru nivitaje vyote. Nikaruka kimoja, akanifinya sikio mpaka machozi yakanitoka. "Ukivisahau, utasema umetoka wapi?"

Baba tulimzika huku huku Johannesburg. Kaburi lake lina namba. Mimi huvitaja vilima vile nikikata ngozi, na mwenzangu wa mashine ya pili hudhani nasali. Leo nimekwama kwenye cha saba, na hakuna wa kunifinya sikio.