Mtoto wa fundi anayepandishwa kwanza kwenye karavani

Admin, tafadhali ficha jina langu. Goma ni ndogo, na marafiki wa baba mdogo wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nimemaliza shule mwaka huu, diplome yangu iko chini ya godoro. Ninaogopa sana kusema mbele ya watu, hata shuleni waliniita Bubu. Ndiyo maana naandika.

Papa alikuwa fundi wa chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili vinavyobeba magunia ya makaa na viazi. Alikuwa na desturi moja. Akimaliza chukudu, kabla mteja hajaigusa, alinipandisha mimi juu ya mzigo, kisha tunateremka njia ya Kibati, yeye mwenyewe ameshika usukani. Mteja akituona tumefika chini na mimi nacheka, anaichukua. "Mutoto ya fundi njo garanti," Papa alikuwa anasema, yaani mtoto wa fundi ndiye dhamana ya kazi. Sikuogopa hata siku moja. Kazi yake ilikuwa haiyumbi.

Volkano ilipolipuka, lava ilimeza nyumba yetu. Tukahamia Birere, kwenye ua wa mdogo wake Papa, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kisha waasi wakaja. Papa alikuwa amekwenda upande wa Rutshuru kutafuta mbao, barabara ikafungwa, na mpaka leo hatujui kama yuko hai. Mama, mimi na mdogo wangu wa kike mwenye miaka saba, ambaye hapa nitamwita Riziki, tukabaki mikononi mwa baba mdogo.

Yeye ndiye aliyeanza kutengeneza karavani. Ni chumba cha magurudumu kinachovutwa na gari: kitanda, meza, dirisha lenye pazia. Wenye uwezo wanakwenda nacho kwenye ziwa la Lac Vert kupumzika, na wanasema volkano ikiamka tena watakimbia na kitanda chao. Kwa nje inapendeza kweli. Lakini mimi ndiye ninayepaka rangi, kushona mapazia na kubandika madirisha, kwa hiyo najua kilichofichwa. Kuta ni triplex, yaani plywood nyembamba ya dari, ile inayovimba ikigusa maji. Pale panapotakiwa skrubu anapiga misumari midogo. Vyuma vya chini amevishika kwa nukta mbili tatu za moto, hakuchomelea mpaka mwisho, maana anakimbizana na umeme kabla haujakatika. Kisha ananiambia nipake rangi nene.

Siku moja nilimwambia, kwa sauti ndogo, kwamba ukuta wa nyuma unacheza. Akawaita vijana wote wa ateliye, karakana yake. "Mukuje musikie! Bubu ameongea! Diplome imemufanya injenieri!" Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mteja wa kwanza alipokuja kuijaribu, baba mdogo alinisukuma ndani. "Panda. Weye ni mutoto ya fundi, ao hapana? Papa yako njo alikuwa anafanya vile."

Nikamjibu, "Papa alikuwa anashika usukani yeye mwenyewe."

Akanipiga kofi la shingo, akafunga mlango.

Kwenye mteremko wa Lac Vert gurudumu la kulia liliingia shimoni. Ukuta wa nyuma ukafunguka kama boksi la sabuni lililolowa, nikaanguka juu ya mawe ya lava. Mkono wangu ulivunjika. Uso ulichunika kutoka sikioni mpaka kidevuni. Nikiwa bado chini, nilimsikia baba mdogo akimwambia mteja, "Ule mutoto njo alifungua mulango. Iko mujinga tangu kuzaliwa." Mteja alinitazama kidogo, kisha akauliza karavani itakuwa tayari lini.

Mkono uliungwa vibaya, umepinda. Mtaani sasa naitwa Mademoiselle Karavani. Wanangoja nipite na ndoo ya maji: "Mademoiselle, leo unashukia wapi?" Mama aliniosha kidonda, akaniambia, "Vumilia, mwanangu. Tukifukuzwa hapa, tutaenda kulala mu kambi, chini ya bashi ya plastiki. Unataka Riziki alale juu ya mawe?" Tangu siku ile hanitazami usoni.

Sasa karavani ya pili imekwisha. Nimeipaka bluu mwenyewe, kwa mkono mmoja. Nililala chini yake nikachungulia: ni nukta zilezile. Mteja anakuja Jumapili. Nilijikaza, nikamwambia baba mdogo kwamba nitapanda mimi. Akanishika kidevu, akageuza kovu langu kwenye mwanga. "Na hii sura? Mteja atakimbia. Atapanda Riziki. Yeye angali muzuri."

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa anachagua maharagi. Aliendelea kuchagua, kisha akasema taratibu, "Pengine hii itashika."

Nikimwambia mteja ukweli, tutalala barabarani usiku uleule. Nikimficha Riziki, mama ndiye atakayepigwa. Nikinyamaza, mnajua.

Riziki mwenyewe anafurahi. Aliniomba nimshonee gauni kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia, nikashindwa kumkatalia. Kila jioni anaingia karavanini kujifunza kupunga mkono dirishani, jinsi baba mdogo alivyomwonyesha. Jana aliniuliza mimi dada yake, "Yaya, ile siku ulianguka, ulisahau kushika?"

Nikamwambia mule ndani hamna pa kushika.

Akafikiri. "Basi mimi nitashika dirisha."

Dirisha hilo nimelibandika mimi, kwa gundi tu.

Ndugu zangu mnaosoma, leo ni Ijumaa. Nishaurini, nifanye nini? Ila naomba asitokee mtu wa kuniambia nivumilie. Hilo nimeshaambiwa.