Kitabu Nilichommalizia Mama

Juzi, katika maktaba moja mjini Mwanza, nilimwona bibi akisoma kitabu cha watu waliojikwamua kwenye shida. Kidole chake kilifuata mistari, midomo ikimchezacheza. Nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa amekufa maji ziwani, na mama alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima kijijini kwetu, upande wa Kamanga. Mchana mmoja alikaa kando ya dagaa tuliowaanika, harufu yao ikitujaa puani, akisoma kitabu cha kuazima. Kilimhusu mjane ambaye shamba lake lilichukuliwa na mafuriko. Wiki nzima mama alikuwa kwenye ukurasa uleule.

“Mama, lete nikusomee,” nilisema. Nilikuwa darasa la nne, najiona msaada mkubwa. Nikasoma mbio mbio mpaka mwisho, mjane akavuna tena.

“Kumbe alivuna,” mama alisema taratibu. Akakifunga, akakipangusa kwa kanga. “Asante, mwanangu. Kirudishe.”

Nilikirudisha nikiimba njia nzima. Mama hakwenda tena kisomoni. Nilidhani alitaka kuujua mwisho, kumbe alitaka kuufikia mwenyewe.

Yule bibi wa juzi alinionyesha neno lililomshinda. Nilimsomea hilo moja tu, nikafunga mdomo.